Dira Kwenye Ukungu

Watu wa kambi ya msitu walimwita Dira kwa utani. Kazi yake ilikuwa kupima miti na aliijua mmoja mmoja, lakini sokoni alipotea kikapu kikiwa mkononi. Simu yake ilikuwa kuukuu. Tangu itumbukie kwenye ndoo, ramani yake ilimwonyesha amesimama katikati ya ziwa, basi akanunua kidude cha GPS cha kuunganisha na simu, ukubwa wa kiberiti. Shemeji yake, mkata miti, alimcheka: "Simu hiyo bibi kizee, shemeji. Sasa umemnunulia miwani."

Asubuhi moja ukungu ulitanda, redio ya kambi ikakoroma. Mti ulikuwa umemwangukia shemeji mguuni. Mwenzake alitaja namba za mahali walipo, akazirudia, Dira akaziingiza kwenye ramani ya simu, kisha redio ikakatika.

Dereva aliwasha gari. "Dada, kule juu kuna korongo. Sitaki kubahatisha."

"Twende. Nitakuelekeza."

Kidude kikawaka taa ya buluu. Simu ikakinasa kwa bluetooth, ikasema imeunganishwa. Ramani ikabaki palepale, ziwani. Akazima, akawasha. Ziwani.

Walifika njia panda. "Kulia au kushoto?" dereva aliuliza, mguu kwenye breki.

"Ngoja kidogo."

"Damu haingoji, dada."

Dira alimwona mama mkwe wake akilini, amekaa mlangoni akimngoja mwanawe. Kuunganishwa si kusikilizana: simu ilikuwa bado inaiamini GPS yake ya ndani, iliyokufa. Akafungua mipangilio, akashuka hadi sehemu ya mafundi ambayo watu huiogopa, akairuhusu programu ya kidude iseme yeye yuko wapi. Kitone kilichomwonyesha ziwani kikatoweka. Akatoa mkono dirishani, kidude kiganjani kikitazama mbingu, baridi ikimuuma hadi kiwiko.

Setilaiti mbili. Tatu. Nne. Kitone kikatua njia panda.

"Kushoto. Polepole."

Walipanda kwa mwendo wa kinyonga. Mara Dira akaona kitone kimetoka njiani, akasema, "Simama." Dereva aliposhuka na tochi, ukingo wa korongo ulikuwa mbele ya magurudumu. Akarudi nyuma, akashika njia aliyoonyeshwa.

Walimkuta shemeji hana rangi, mkanda umekazwa juu ya goti. Waliinua gogo kwa jeki. Shemeji akamshika Dira mkono.

Hospitali ilimwekea chuma, mguu ukapona. Mama mkwe alipouliza safari ilikuwaje, Dira alijibu kwamba ukungu ulikuwa mwingi ila walifika. Ya njia panda hakuyasema.