Kebo Dirishani

Diploma yangu ya kompyuta sikusomeshwa na mtu. Nilijilipia mwenyewe Dar es Salaam, mchana nikibeba marobota, jioni nikiingia darasani. Niliporudi Kyela nikafungua ofisi ya kwanza mtaani kwetu yenye kompyuta mbili. Waliokuwa wakinipita bila salamu sasa huanza wao. Sijivuni, ndivyo ilivyo.

Intaneti nilikuwa nayo kwenye kompyuta moja tu, kwa modemu. Siku moja aliikalia mwalimu mstaafu wa Ikolo, akijaza maombi ya pasipoti ili akamwone binti yake Malawi. Alitafuta herufi kwa kidole kimoja na hakutaka kusaidiwa. Mara mlangoni akatokea mwanamke mwenye bahasha ya vyeti. Alipomwona mzee alijifunika uso kwa kitenge, akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

Alikuwa mke wa mwanawe. Kwetu, mke wa mwana na baba mkwe hawakai chumba kimoja, hawasemezani wala hawatazamani usoni, na ukoo ule bado unaishika desturi hiyo.

Nilimkuta duka la pili, kwa mama muuza vitenge, machozi yakimlenga. Maombi ya ajira za ualimu yalikuwa yanafungwa saa kumi jioni, na tayari ilikuwa saa nane na nusu. Huo ulikuwa mwaka wake wa nne tangu ahitimu, bado hana kazi.

"Si umtoe mzee?" yule mama wa vitenge akaniambia.

"Akitoka, fomu yake inaanza upya."

"Basi hiyo diploma yako ni ya kufungia maandazi?"

Hilo liliniuma. Nilibeba kompyuta ya pili hadi dukani kwake, nikaiweka kwenye meza ya kukatia vitambaa, nikapitisha kebo dirishani, nikairuhusu kompyuta ya mzee igawe intaneti yake kwa hii. Dakika kumi na tano tu. Wengine wangeita fundi kutoka Mbeya.

Vyeti viwili vilikuwa vimeshapanda niliporudi ofisini na kumkuta mzee amemaliza, kidole kiko juu ya kitufe cha kuzimia.

"Mzee, usizime! Kuna mtu upande wa pili anapitia kwako. Ukizima, naye anakatika."

"Nani huyo?"

"Mtu wa nyumbani kwako. Anaomba kazi ya ualimu."

Alivuta kiti, akakaa tena. Nilikuwa nimesahau kuizuia kompyuta isilale, hivyo kila kioo kilipofifia alikigusa kipanya kwa ncha ya kidole, kisha akarudisha mikono mapajani kama msimamizi wa mtihani. Alikaa hivyo zaidi ya saa nzima. Maji niliyomletea hakuyagusa.

Saa kumi kasoro dakika saba, sauti ya mkwewe ikaja dirishani.

"Mama, mwambie kaka amwambie baba, imekubali."

Mzee alisikia kila neno. Hata hivyo alinigeukia mimi, akangoja.

"Imekubali, mzee."

"Ndaga fijo," alishukuru, macho yakiwa ukutani. "Mwambie mwanangu atangulie. Mimi nitakaa humu mpaka apite."

Tukasikia kandambili zikipita nje, mbio mbio.