Marahaba Iliyochelewa

Siku ya mnada hapa Endasak, mtandao ni wa kuomba Mungu. Mnara ni ule ule mmoja, lakini watu wanashuka kutoka kila upande: huyu anauliza bei ya mbuzi, yule anatuma video ya fahali, vijana wanaangalia mpira. Simu inakuonyesha vijiti vyote vimejaa. Ukibonyeza sasa, wapi!

Ndiyo siku ambayo ng'ombe wetu, huyo mmoja tu wa maziwa, aliingia kwenye maharage mabichi yenye umande. Nilimkuta tumbo limevimba upande wa kushoto, limekaza kama ngoma, anahema kwa shida. Mume wangu yuko mnadani, hapatikani. Nikamkumbuka mjomba, bwana mifugo mstaafu, anakaa Maretadu. Nikarekodi video nikamtumia, na hapo hapo nikampigia kwa bando hilo hilo.

"Shikamoo mjomba!"

Mtandao ukaimeza.

"Haloo? Nani huyo?"

"Shikamoo mjomba, ni mimi, ng'ombe..."

"Siku hizi hata kuamkia hakuna?"

Jamani! Nimeamkia mara mbili! Na mjomba wangu huwezi kumwambia neno kabla hajaitikia. Mimi nami, nilivyolelewa, ulimi unagoma kuendelea bila marahaba. Tukabaki hivyo, yeye anangoja shikamoo, mimi nangoja marahaba, mpaka simu ikakata.

Fundi simu alinieleza siku nyingine kwamba ndivyo hata simu zenyewe zinavyofanya. Ukitumiwa kitu, simu yako lazima ijibu "nimepata" ndipo kingine kije. Siku ile majibu yangu yalikwama kwenye foleni nyuma ya video yangu mwenyewe. Kumbe nazo zinaamkiana! Nilicheka, lakini kwa hasira.

Nikapiga tena, haiendi. Kiduara cha video kinazunguka tu. Mama jirani, aliyekuwa amemshika ng'ombe kichwa, akaniambia nipande kilimani.

"Kilima cha nini? Mtandao upo, umejaa watu!" Nilimfokea bure, maskini, na alikuja kunisaidia.

Kisu nilikuwa nacho. Nilishasikia kwamba ng'ombe wa hivyo hutobolewa, hewa itoke. Lakini atobolewe wapi? Ukikosea, umemuua kwa mkono wako. Nikangoja mjomba aniambie. Ng'ombe akapiga magoti, akalala, hakuinuka tena.

Mnada ulipovunjika na watu wakaanza kurudi makwao, simu ikalia mfululizo. Video imefika. Kisha zikashuka sauti za mjomba, moja nyuma ya nyingine.

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesikia ng'ombe. Amevimba? Usingoje kunitumia picha, toboa kushoto, kwenye kile kishimo nyuma ya mbavu. Fanya haraka."

"Mbona kimya? Umenikasirikia?"

Nikamwandikia: Shikamoo mjomba. Ng'ombe amekufa.

Ujumbe huo ulifika papo hapo.