Madam Kabula na Ndugu Zake wa Kigoma

Jamani, akili yangu inakataa. Ijumaa tumeagana getini, kasema anaenda Mwamanyili kumsalimia mama yake. Jumamosi asubuhi napigiwa simu: moyo umesimama, Kabula hayupo tena.

Kwa msiomfahamu: Madam Kabula alikuwa mwalimu wa Biology hapa Bariadi. Mimi nafundisha Kiswahili. Tulikaa meza moja ofisini miaka tisa, na miaka yote tisa nilicheka.

Siku moja headmaster kapita darasani kwake, kakuta Form Four nzima wamevua viatu, wanahangaika kuokota chaki kwa vidole vya miguu. Madam mwenyewe yuko peku, jasho linamtoka. "Madam, hii ni nini?"

"Practical, mkuu. Sokwe anaokota, sisi tunashindwa. Kidole gumba chake cha mguu kinashika kama cha mkono. Chetu kimekaa kwa ajili ya kutembea."

Headmaster kaondoka. Baadaye nilimchungulia ofisini kwake: mlango umerudishiwa nusu, kiatu kimoja kimevuliwa.

Lakini kuna siku haikuwa ya kucheka. Mzee Shigela, mkulima wa pamba na mzee wa kanisa, alifika shuleni amekasirika. Binti yake Limi alikuwa amerudi nyumbani na daftari la Biology.

"Nani kamwambia mwanangu kwamba babu yake ni nyani? Leo namtoa shule!"

Limi alikuwa anaongoza darasa. Alisimama nje ya ofisi analia, begi liko mgongoni tayari.

Headmaster akamnong'oneza Kabula, "Hiyo topic si uiruke tu?" Kabula akasema, "Iko kwenye mtihani, mkuu. Nikiiruka nawadhulumu watoto." Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya mzee, akamsalimia Kisukuma kwa heshima zote.

"Baba, nimesikia mna ndugu Malampaka."

"Tunao. Bibi yetu mmoja."

"Kwa hiyo wewe umezaliwa na hao wa Malampaka?"

"Nizaliwe nao vipi? Wao wana baba zao, mimi nina baba yangu! Bibi tu ndiye mmoja."

"Basi ndicho nilichofundisha, baba. Sokwe hakutuzaa. Zamani sana, miaka isiyohesabika kwa vidole, tulikuwa na bibi mmoja. Watoto wake wengine wakaenda huku, wengine kule. Kila upande ukabadilika kidogo kidogo. Leo wao ni wao, sisi ni sisi. Lakini ndugu."

Mzee akauliza taratibu, "Na mkia?"

"Sokwe hana mkia. Mwenye mkia ni nyani, na huyo ni ndugu wa mbali zaidi."

"Na Mungu je, mwalimu?"

"Baba, Jumapili naimba kwaya, Jumatatu nafundisha Biology. Sijaona siku vimegombana ndani yangu. Lakini usiniamini kwa maneno. Tunapeleka wanafunzi Kigoma kuwaona sokwe. Twende wote, uangalie mwenyewe. Ukirudi bado unataka kumtoa Limi, nitakusaidia kubeba begi lake."

Mzee akakubali. Nadhani alikubali ili aje kumuumbua.

Tukapanda treni Malampaka, tukabadilisha Tabora. Safari nzima mzee alitazama dirishani, kofia iko magotini. Kigoma tukachukua boti, tukapanda mlima, tukavaa barakoa tusiwaambukize mafua, mwongozaji akatuonya tusiwasogelee.

Tukawakuta. Mama sokwe kalala chali, mtoto yuko juu ya tumbo lake. Mama anamtekenya kwapani, mtoto anajikunja, mdomo wazi, anahema kwa kicheko. Akiachwa, anaushika mkono wa mama na kuurudisha palepale.

Mzee Shigela akamshika Kabula bega. "Anamtekenya! Mwalimu, anamtekenya mtoto!"

"Ndiyo, baba."

"Limi alikuwa hivi hivi! Ukiacha, anakurudisha mkono!" Limi akajificha nyuma yangu kwa aibu, anacheka.

Mzee akavua kofia, akasema kwa adabu kabisa, "Mwangaluka, mayu." Yaani kamwamkia, shikamoo ya kwetu, kama anavyomwamkia mama yeyote njiani.

Sokwe akamtazama, akajikuna, akageuka upande wa pili.

"Hajaitikia," mzee akasema.

"Msamehe, baba. Mmepotezana muda mrefu."

Tulicheka mpaka mwongozaji akatunyamazisha. Njia nzima ya kurudi mzee ndiye aliyekuwa anafundisha behewa zima: sokwe hana mkia, sokwe hakutuzaa, bibi ni mmoja. Limi hakutoka shule. Leo yuko chuo, anasomea udaktari wa mifugo.

Jana tumemzika Kabula kwao Mwamanyili. Mzee Shigela alisimama akaisimulia safari ile yote, na mama yake Kabula, aliyekuwa hajainua uso tangu Jumamosi, akacheka. Akacheka kwa sauti.

Leo nimeingia kwenye kipindi chako, Kabula rafiki yangu. Mimi, mtu wa nahau na methali! Nimefungua lesson plan yako ya wiki hii. Kwenye shughuli za wanafunzi umeandika kwa mkono wako: "Wabishane. Nisiwakatishe."

Nikakaa nyuma, nikawaacha. Kabula, wamebishana! Kengele imelia hakuna aliyetoka, mmoja kapanda juu ya dawati, na nimesikia maswali ambayo wewe tu ungeyajibu. Nimewaambia wayaandike, watayajibu wenyewe.

Wabeja sana, asante sana, Kabula. Pumzika dada yangu, ulale usingizi mwema.