Makala Niliyomsomea Baba Mkwe

Nyumbani kwa baba mkwe wangu, kule Lumuma, mwenye kidato cha nne ni mimi peke yangu. Kwa hiyo kusoma ni kazi yangu kama ilivyo kuchota maji. Barua za shule, maelezo ya dawa ya vitunguu, matangazo ya kijiji, vyote naletewa mimi. Macho ya mzee yamefifia, lakini sikio lake ni zima. Ukiruka mstari mmoja tu, anakushika. "Hapo umekata, mwanangu. Rudi."

Ndiyo maana ile makala niliisoma yote, neno kwa neno. Najilaumu hadi leo.

Mzee ana gobore. Lilichongwa na fundi wa huku huku, halina kibali wala karatasi yoyote, na linakaa kwenye misumari miwili juu ya mlango wa chumba anacholala binti yangu na bibi yake. Ni la kufukuza nguruwe pori na nyani. Sibishi kwamba nguruwe wapo. Mwaka niliofika kama mke nililima mahindi, nikavuna mabua. Lakini gobore si bunduki ya askari. Linajazwa kwa mdomoni: baruti, halafu vyuma, unashindilia. Ukishashindilia, njia ya kuvitoa ni moja tu, kupiga. Na kwa jinsi baruti ilivyo ya shida, hakuna mzee huku anayeipiga hewani bure. Nguruwe asipokuja, mzee anachomoa fataki, kile kidude kidogo cha kuwashia, anaiweka kwenye kopo la majani ya chai, kisha anarudi nyumbani na gobore lililoshiba na kulitundika. Wiki moja, mbili, tatu. Sisi tunapita chini yake na sufuria za uji.

Siku moja nilitoka jikoni nikamkuta binti yangu, miaka minne, amesimama juu ya gunia la vitunguu. Amelivuta gobore mpaka limeshuka, kitako chini, mdomo wa gobore umegusa kidevu chake. Anawaambia kuku, "Nguruwe nyie! Puu!"

Sikupiga kelele. Nilimsogelea taratibu kama mtu anayekamata kifaranga, nikalishika, nikamshika na yeye, halafu nikakaa naye chini.

Mzee alikuja. "Usiogope, mwanangu. Halina fataki. Haliwezi kulia."

"Na fataki iko wapi, baba?"

Kabla mzee hajafungua mdomo, mtoto akajibu, "Si kwenye kopo la majani ya chai!"

Mzee alilitazama kopo, kisha akamtazama mtoto.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mtendaji wa kijiji alisimama nje ya kanisa akatangaza: mwenye silaha isiyo na kibali ailete mwenyewe ofisini kabla ya mwisho wa mwezi, haulizwi kitu. Baada ya hapo ni kukamatwa. Mzee alirudi nyumbani, akalifunga gobore kwenye kiroba, akaliegemeza ukutani. "Jumatatu ya mwisho wa mwezi nina safari ya mbegu Kilosa, nitalipitisha ofisini." Nililia nikiwa nasonga ugali. Mama mkwe akadhani ni moshi.

Siku moja kabla ya Jumatatu hiyo, mume wangu akaja kutoka Mikumi. Anaziba pancha za malori kule barabarani, na madereva humwachia magazeti. Alisema shikamoo, akatoa sabuni, akatoa gazeti. Mzee akavuta kigoda. "Haya, mwalimu wangu, anza."

Makala ilikuwa na picha ya bwana mmoja amevaa tai. Aliandika kwamba kumnyang'anya mkulima gobore ni kumvua nguo. Kwamba gobore lina hatua nyingi mno, mtoto hawezi kuliwasha. Kwamba familia makini hutoa kilichomo ndani kila jioni na kuifungia silaha kabatini, na ajali zikitokea basi ni uzembe wa akina mama. Nilisikia sauti yangu ikisoma hayo vizuri, inapumzika kwenye nukta, kama nilivyofundishwa.

"Rudia pale pa mtoto," mzee akasema.

Nikarudia.

"Huyu ni msomi," akasema. Akafungua kiroba. Akalitundika tena; misumari ilikuwa bado ipo.

Bwana wa tai, nikuulize. Hicho kilichomo kinatolewaje kila jioni? Njoo ukitoe, nikushikie taa. Kabati liko wapi? Nyumba hii ina meza moja na mguu wake mmoja ni tofali. Hatua nyingi? Binti yangu alikuwa amebakiza moja, na fataki anajua inapokaa. Na mama mzembe unayemsema alikuwa anampikia mtoto huyo huyo. Hujawahi kulishika gobore wewe, umeona picha.

Hayo niliyaandika kurasa nne za daftari. Nikampa mume wangu azipige picha na kuzituma kwenye namba iliyokuwa chini ya makala. Siku ya pili akanipigia simu kutoka Mikumi. "Zimesomwa. Tiki mbili za bluu."

"Amejibu nini?"

"Hajajibu. Kwani wewe nawe! Umemsomea mzee mwenyewe, sasa unalia nini?"

"Kwa hiyo ningemdanganya baba yako?"

"Ungesema karatasi imechanika."

Haikunijia. Nimesoma miaka kumi na mmoja, na uongo mdogo kama huo haukunijia.

Jumatatu ile mzee alikwenda Kilosa bila gobore, akarudi na mbegu. Mwezi ulipoisha nilimfuata mtendaji ofisini, nikamwuliza kwa kuzunguka: mtu akichelewa je? Akacheka kidogo. "Muda umekwisha, dada. Likija leo, naandika jina la mwenye nyumba." Mwenye nyumba ana miaka sabini na kitu, na ndiye aliyenipokea nilipokataliwa kwetu kwa sababu ya mimba. Nilimshukuru mtendaji nikaondoka. Ningefanya nini? Nikilipeleka, nimemfunga. Nikilitupa mtoni, atachongesha lingine na mimi nitarudishwa kwetu. Mikumi mume wangu analala na wenzake watatu chumba kimoja.

Nilichoweza ni kumwomba mzee aihamishe fataki. Akakubali bila ubishi, akaniambia hata mimi nisijue ilipo, ndiyo usalama.

Juzi nilikuwa namwogesha binti yangu. Akanivuta sikio kwa mkono wenye povu. "Mama, nikwambie siri?"

"Niambie."

"Sasa iko kwenye koti la babu la kanisani. Mfuko wa ndani."

Nikamalizia kumsuuza. Ndani mzee alikuwa anaita, gazeti limefika.