Wa Sita Abaki Darajani

Ninyi mliokulia Garissa wakati mmoja nami, mliokalia mikeka ya duksi mpaka magoti yakaota sugu, mtanisahihisha nikikosea. Sisi tulikuwa watoto wa mchanga. Asubuhi tuliandika aya kwenye ubao kwa wino wa mkaa, maalim akitukumbusha kwa fimbo pale tulipopitiwa na usingizi, na tukitoka tulikimbia nyumbani kula anjera iliyolowa mafuta ya simsim na sukari. Chai ilikuwa ya maziwa ya ngamia, yenye ule ukali wa chombo kilichofukizwa moshi. Hata leo mtu akinipa chai isiyonukia moshi naona amenipa maji ya kunawa. Halafu jua likianza kulegea, watoto wa bulla nzima, yaani mtaa wetu wote, tulishuka kwenye laga, ule mkondo mkavu wa mto nyuma ya soko la mifugo, kwenda kutalii Nairobi.

Nairobi hiyo ilikuwa ya dada yangu Habiba. Aliijenga yeye, kwa mawe na mifupa ya mbuzi, na hakuwa amewahi kufika Nairobi wala karibu yake. Habari zote alizipata kwa abti Dubow, mjomba wetu aliyekuwa akiendesha lori la ng'ombe, ambaye kila akirudi safari aliketi uani, akavua viatu na kusimulia. Alisema kuna jumba la mviringo, refu kiasi kwamba ukilitazama juu kofia inaanguka. Kuna chumba cha chuma unaingia na kusimama tu, mlango ukifunguka uko juu ya mji. Kuna bustani yenye maji mengi ambayo hakuna anayeyateka wala kuyanywesha mifugo, na watu wanayazunguka kwa mashua bila kwenda popote. Hilo la maji lilimshinda ayeeyo, bibi yetu. Alisema Dubow apunguze miraa.

Habiba alikuwa kiongozi wa watalii kabla hatujajua kuwa kuna kazi kama hiyo. Alijifunga shuka ya mama kiunoni, akashika kijiti, akatangaza masharti. Kwa safari moja alichukua watu watano tu, kwa sababu, alisema, Nairobi haitaki msongamano. Kila mmoja ashike nguo ya mwenzake. Asitazame juu sana, watu watajua ni mgeni. Asisalimie kila anayekutana naye, maana watu wa Nairobi hawana muda wa kuitikia. Na Kisomali kilikoma darajani, ndani ya mji ni Kiswahili peke yake. Kiswahili chetu chenyewe, jamani, kilikuwa kama mbuzi mwenye miguu mitatu.

"Nyinyi nyamaza! Hii ndio gorofa kubwa. Mtu asiguse, itaanguka na serikali itakuja!"

Walipofika kwenye jumba la mviringo aliwachuchumalisha wote, wakafumba macho, naye akaanza kunguruma kama mtambo, mmmmm, nao wakainuka polepole mpaka wakasimama wima. Hiyo ndiyo ilikuwa lifti. Kisha aliwaambia wafumbue macho watazame mji chini yao, na wallahi waliuona. Niliwaona wakiuona.

Mimi nilikuwa mbali kidogo. Nilikuwa mdogo kuliko wote, kwa hiyo kila mara nilikuwa wa sita, na wa sita alibaki darajani. Daraja lilikuwa ubao wa mlango uliovunjika, umelazwa juu ya mawe mawili, na aliyebaki hapo alikuwa polisi. Kazi yangu ilikuwa kuzuia kila mtu na kufoka, "Simama! Kibande iko wapi?" Kipande, yaani kitambulisho, kilikuwa jani la mti. Asiye na jani nilimrudisha. Habiba peke yake hakuwahi kunionyesha jani. Alipita kifua mbele akisema yeye ni mwenye mji, na mwenye mji haulizwi. Nikampigia saluti.

Wakishapita nililia. Nililia kwa sauti, miguu imetandazwa mchangani, mpaka safari iishe na Habiba arudi kukaa nami juu ya ule ubao. Hapo alinihadithia yote niliyoyakosa, na kwa kuwa nilikuwa nimelia aliongeza. Lifti ilifika mawinguni. Mashua zilikuwa na mapazia. Kulikuwa na mama anauza barafu za rangi ya bendera, na amesema nikija atanipa moja bure. "Kesho utaingia," alisema akinifuta makamasi kwa shuka ya mama. Na kweli siku moja moja niliingia, lakini Nairobi ya kuhadithiwa ilikuwa nzuri zaidi.

Kisha ukaja ukame, na hapa najua wengi wenu mnayo yenu. Mbuzi walikufa mpaka tukazoea harufu. Aabo, baba yetu, aliondoka na ng'ombe waliosalia kutafuta majani, akarudi na fimbo. Tulikunywa chai ya mkandaa, na jioni hooyo, mama yetu, aliteleka sufuria ya maji matupu ili majirani wasijue. Watu wa bulla wakaanza kwenda Hagadera, kambini, ambako wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka walipewa unga, maharagwe na mafuta. Ulikaa kwenye foleni, ukatoa jina, ukabonyeza kidole, ukapata. Nani angekujua? Lugha ni ile ile, sura ni zile zile na njaa ni ile ile.

Siku hooyo alipokwenda mimi nilikuwa nimelala na surua, mwili mzima umewaka, nikaachwa na ayeeyo. Habiba ndiye aliyepelekwa. Alirudi na kidole chenye wino wa zambarau, akakitembeza bulla nzima, nasi tukamwonea wivu. Tulikula. Tuliishi. Makopo ya mafuta yalipoisha Habiba aliyabeba mpaka laga, akayapanga moja juu ya jingine, na Nairobi yetu ikawa na maghorofa ya kweli, yanayong'aa.

Alipofika umri wa kuchukua kitambulisho alikwenda na vyeti vyake, kanga mpya, viatu vya kuazima. Wakaweka kidole chake kwenye mashine. Mashine ikasema huyu ni mkimbizi wa Hagadera. Alieleza, hooyo akaeleza, wazee wa bulla wakaletwa wakaapa kwamba wamemwona akizaliwa. Akaambiwa arudi nyumbani angoje. Nilipofika umri huo mimi, nilibonyeza kidole changu kile kilichokuwa na surua, na mashine haikusema lolote. Nikapewa kitambulisho.

Hooyo alikuwa akisema, "Wallahi, ningewaandikisha hata kuzimu kama kuzimu wanatoa unga." Alilisema kwa hasira miaka mingi. Mwisho hakulisema tena, alimwomba Habiba msamaha tu, kila Ijumaa, mpaka akafa.

Basi mimi nikasoma, nikawa mwalimu. Habiba akauza maziwa sokoni. Laini ya simu anayotumia imesajiliwa kwa jina langu. Chumba anachopanga kimeandikwa jina langu. Wakati mwingine naona kama ninaishi maisha mawili na yeye hajapewa hata moja. Na wanafunzi wangu, hawa wa siku hizi, Nairobi wanayo kiganjani, wanaitazama wakiwa wamelala chali, hata hawaishangai. Niliwahi kuwaambia tulijenga mji mzima mchangani kwa makopo. Mmoja akaniuliza, "Ticha, hiyo gemu unadaunlodi wapi?" Darasa likacheka, nami nikacheka, sina hakika kwa nini.

Likizo iliyopita nikaona kwenye simu tangazo la kutembezwa Nairobi kwa miguu, na kiongozi, kundi dogo la watu sita tu. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka machozi yakatoka. Wakati huo kila mtu mjini alikuwa akisema yale majina ya kambini yanafutwa, mambo yanalegea, na chifu alikuwa amempa Habiba barua ya kumtambulisha. Tukapiga moyo konde. Nikalipia nafasi mbili. Habiba alipaka hina mpaka kwenye vifundo vya miguu, akashona dirac, lile gauni refu jepesi, ya rangi ya maji ya bahari. Usiku wa kuamkia safari alinikumbusha masharti yote, nguo ya mwenzako, usitazame juu sana. Mwanamke wa umri wake, na alikuwa akicheka kama msichana wa duksi.

Kwenye daraja la Tana basi lilisimama kama kawaida, abiria tukashuka, tukapanga foleni na vitambulisho mkononi. Mimi nilipita. Nyuma yangu Habiba alitoa barua ya chifu.

"Mama, hii ni barua," askari akamwambia. "Kitambulisho iko wapi?"

"Afande, mimi ni mtu ya hapa. Mimi nimezaliwa bulla ile, unaiona kutoka hapa."

"Sikatai, mama. Lakini mimi siwezi. Rudi tu."

Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningepata mtu wa kumchukia. Nilirudi kuchukua mizigo yetu tuondoke wote, lakini Habiba alinisukuma kwa mikono miwili, akaniambia kwa Kisomali, "Nenda, abaayo, ndugu yangu. Angalau mmoja wetu aone. Ukirudi unihadithie." Dereva akapiga honi. Nilipanda, basi likaondoka, nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele, "Mwakani utaingia!" Alikuwa amesimama kando ya daraja na mkoba wake, dirac ikipeperuka. Nilijisikia nikilisema neno hilo na nikatamani ulimi ukatike.

Nairobi asubuhi yake kulikuwa na baridi. Kiongozi alikuwa kijana mmoja wa kofia ya kijani, anajiita Kevo, mchangamfu, mdomo haupoi.

"Wasee, karibuni sana. Tunafaa kuwa sita, lakini naona watano."

"Wa sita hatakuja," nikamwambia.

"Amekwama kwa jam?"

"Amekwama darajani."

Akasema pole, hakuuliza daraja gani, tukaanza kutembea. Walikuwepo bwana na bibi wazee kutoka Kisumu na wanafunzi wawili ambao walipiga picha zao wenyewe mbele ya kila kitu, mgongo wakiupa mji. Kevo alituonyesha msikiti mkubwa wa katikati ya mji, majengo ya mawe ya zamani, na korongo wale wenye vichwa vya upara, wamekaa juu ya miti kama wazee wa baraza. Tuliona bustani. Maji yapo kweli, ayeeyo, na mashua zinazunguka bila kwenda popote. Mapazia hazina.

Halafu likaja jumba la mviringo. Tuliingia kwenye lifti, mlango ukafunga, mtambo ukanguruma, na kabla sijajua ninafanya nini magoti yangu yalikuwa yamekunjika na macho nimefumba. Nilimsikia Habiba. Nilimsikia kabisa, mmmmm, na nikalia mle ndani mbele ya watu nisiowajua. Yule mama wa Kisumu alidhani naogopa, akanishika mkono. "Pole, mama, tumekaribia kufika," akasema. Juu kulikuwa na upepo na mji wote chini, na niliutazama kwa uchungu, kama mtu anayekula chakula cha mwenzake akiwa peke yake.

Nilirudi Garissa. Darajani waliniuliza kitambulisho nikaonyesha. Habiba alikuwa amenitandikia mkeka uani, chai iko kwenye chupa, akakaa mbele yangu miguu ameikunja. "Haya. Usinifiche kitu."

Nikaanza. Nikamwambia ni mji tu, abaayo, msongamano na moshi. Lile jumba si refu sana siku hizi, kuna mengine yamelipita. Maji ya bustani ni machafu kidogo. Lifti ilinuka watu, na baridi ilinikata mifupa, hukukosa kitu. Nilikuwa nikisema hivyo huku nikimmiminia chai, nikiamini namtendea wema. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mimi nilikuwa nakuongezea," akasema. "Wewe unanipunguzia."

Niliweka kikombe chini nikaanza upya, kuanzia darajani, na safari hii sikuacha kitu, nikaongeza mapazia kwenye mashua na mama wa barafu. Alifumba macho. Nilipofika kwenye lifti aliinua mkono akasema inatosha, akaenda kufungia mbuzi.

Laga sasa imejaa mifuko ya plastiki, wala sioni mtoto anayecheza huko. Watoto wa siku hizi wana miji mingi kwenye simu zao, na sisi tulikuwa na mmoja tu, wa makopo, mvua ikiubomoa tunaujenga tena kesho yake, na mwenye mji haulizwi. Nawaza sana kuhusu ule ubao wa mlango. Mimi pale nililia kila siku, kwa sauti, kwa sababu nilijua dada yangu anasikia na atarudi kunichukua. Nilipomwangalia Habiba kutoka dirishani mwa basi, amesimama kando ya daraja la Tana na hina yake mpya, hakuwa analia.