Uzi wa Bi Soli na Mbweha wa Jumba Bovu

Hakuna anayekumbuka nani alianza kumwita Bi Soli, lakini jina lilimkaa. Anashona viatu kwenye baraza ya nyumba yake, katika mtaa wa mwisho kabla mji haujageuka mashamba. Huko mbweha hukatiza barabara asubuhi bila haraka, kama wapangaji waliolipa kodi.

Kazi aliirithi kwa baba yake, pamoja na kigoda, nyundo na siri moja ya kulainisha ngozi: mafuta ya kondoo, yakayeyushwa, yakapakwa kwa kitambaa, kisha kiatu kikaachwa nje kwenye benchi kiyanywe taratibu mpaka asubuhi. Viatu vya Bi Soli havipasuki. Hilo hata mafundi wenzake wanaomwonea kijicho wanalikubali, japo kwa kuminya midomo.

Mwaka huu viatu vikaanza kupotea. Katika kila jozi kilikuwa kinapotea kimoja tu. Mwizi wa kiatu kimoja hajapata kuonekana, kwa hiyo watu wakaanza kumtazama fundi mwenyewe. Maneno yakazunguka kwamba macho yake yamechoka, anaharibu viatu vya watu, kisha anaficha alichoharibu.

Wa mwisho kupotelewa alikuwa mwenye duka la ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameleta viatu vya kahawia vya kumwozeshea binti yake Jumamosi. Akakuta cha kushoto peke yake.

"Bi Soli, mimi nina miguu miwili," alisema.

"Naiona, jirani."

"Sasa huu wa kulia uingie ukumbini peku?"

"Nipe mpaka Ijumaa."

"Kama umekiharibu, sema umekiharibu. Watu wanasema unaviharibu halafu unavificha."

"Watu gani?"

"Watu." Akatazama pembeni. "Na mimi naelekea kuwa mmoja wao."

Siku ile ile mama mmoja alikuja kuchukua mkoba wake ambao haujaguswa na sindano. Hakutoa sababu, wala Bi Soli hakuuliza. Alijua kwamba kiatu kile kisipoonekana, benchi litaingizwa ndani na kazi ya baba yake itakuwa imeishia mikononi mwake.

Aliyemfumbua macho ni wifi yake, dada wa mume wake, wanayeishi naye na ambaye hapitishi siku bila kumchokoza.

"Huyo mwizi wako ana maringo, wifi," alisema huku akifagia baraza. "Ndala zangu zinalala hapa hapa kila siku. Hata kuzisogeza hajazisogeza."

"Ndala zako hata mbwa hazitaki."

Bi Soli alipomaliza kusema hivyo akaiweka nyundo chini. Akakiokota kile kiatu cha kushoto, akakinusa nje, akakinusa ndani.

"Kondoo," alisema.

"Nani kondoo?"

"Mimi, wifi. Muda wote huu nimekuwa nikimpakulia mnyama chakula hapa benchini."

Jioni alitoa kiatu kikuukuu cha mume wake, dereva wa lori aliyekuwa safarini, akakipaka mafuta bila ubahili.

"Kaka yangu akikiulizia?" wifi akauliza.

"Mwambie kimetoka kutafuta kazi."

Akakidunga sindano kisiginoni, akafunga uzi wake wa kushonea, ule uliopitishwa kwenye nta ambao mtu hawezi kuukata kwa meno, na bunda lake akalichomeka kwenye msumari wa ukutani lizunguke lenyewe. Kulipokucha kiatu hakipo, na bunda limekonda. Uzi ulikuwa umeteremka barazani na kutambaa barabarani.

Hakuufuata. Alivuka kwanza kumgongea mwenye duka.

"Shika uzi, utangulie wewe. Sitaki kesho useme nilikwenda kukipanga."

Yule bwana akaushika, bado na kanga ya mkewe kiunoni. Uzi uliwapitisha nyuma ya duka lake, ukapenya kwenye ua wa miba, ukaingia katika jumba bovu ambalo mwenye nalo aliliacha kabla ya kuliezeka. Chini ya ngazi kulikuwa na shimo, na mbele ya shimo vilikuwa vimetapakaa viatu vya mtaa mzima. Watoto wa mbweha walikuwa wakivutana ukanda wa sandali. Mama yao alisimama juu ya lundo la kokoto, kiatu cha dereva mdomoni, uzi ukining'inia.

"Changu kile," mwenye duka akanong'ona. Mtoto mmoja alikuwa amelala, pua imezama ndani ya kiatu cha kahawia.

Mwenye duka akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha uso ukamkunjamana. "Ngoja. Dukani nina sumu ya panya."

"Na panya wenyewe wako wapi?" Bi Soli akauliza.

Mwenye duka akageuka kutazama upande wa duka lake. Magunia yake ya unga yalikuwa hayajatobolewa tangu mvua za mwanzo, na alikuwa akijisifu kwamba ni kwa sababu ya usafi wake.

"Turudi nyuma kidogo," alisema hatimaye. "Awatoe watoto."

Walingoja langoni mpaka mama alipokitua kiatu na kuwaongoza wanawe vichakani. Ndipo wakavijaza viatu kwenye gunia lililotupwa humo, na mwenye duka ndiye aliyelibeba, mchana kweupe, kupitia katikati ya mtaa. Bi Soli akavipanga viatu benchini jozi kwa jozi, akakaa kwenye kigoda chake, akasubiri. Watu walikuja mmoja mmoja. Yule mama wa mkoba alikuja na mkoba.

"Ulisema unataka zipu mpya au hii hii?" Bi Soli alimuuliza, na yakaishia hapo.

Siku hizi anapaka nta ya nyuki, na viatu vinakauka ndani. Mbweha bado hupita, hunusa benchi tupu, huenda zake kwenye panya.

Kiatu cha kahawia kilipata kisigino kipya Ijumaa. Bi Soli alitaka kuiziba pia alama ya meno iliyobaki kwenye ncha, mwenye duka akamkatalia. Jumamosi, mbele ya wakwe zake, aliunyanyua mguu wa kulia juu ya kiti ili kila mtu aione alama ile.

"Hata mbweha anajua fundi ni nani," alisema. "Ulizeni, nitawaelekeza kwake."