Palizi ya Ghuba

Mjomba wangu Sostenes hawezi kuona jani akaliacha. Ukimkaribisha chai, kabla hajakaa ameshang'oa majani matatu mlangoni pako. Ni mkulima wa mtama na alizeti, tena hodari, na kwa uhodari huo tulimchagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya ziwa. Mkono wangu nao ulikuwa juu siku hiyo, najilaumu.

Kijiji chetu, huko wilayani Iramba, kinapakana na Ziwa Kitangiri, na pana ghuba ndogo iliyokuwa imejaa matete. Wengine tuliona matete. Mjomba aliona shamba lililotelekezwa. Akaitisha msaragambo, kila kaya itoe mtu na panga. Aliyepinga alikuwa mmoja tu, Emiliana, mama Flora, mjane aliyekausha samaki kwa moshi na kuwauza mnadani Kiomboi. Alisema vifaranga vya perege, wadogo kuliko punje ya mchele, hujificha humo mpaka wapate nguvu, na kwamba maji yakibaki wazi wataliwa wote. Mjomba akamjibu mbele ya watu:

"Mama Flora, wewe shughulika na moshi wako. Kulima tuachie sisi."

Tukacheka. Hilo nalo linaniuma mpaka leo.

Tulifyeka siku mbili. Ghuba ikawa safi kama uwanja wa harusi, na mjomba akaipiga picha kwa simu, akawa anamwonyesha kila anayepita. Mwaka uliofuata wavuvi walianza kurudi na vikapu vyepesi. Wa pili, samaki wa kukausha hawakupatikana kabisa. Mama Flora akazing'oa chanja zake za kukaushia samaki, akahamia Ikungi kwa binti yake. Mjomba hakwenda kumuaga.

Badala yake alianza kupanda matete. Mtu aliyeishi kwa kung'oa, sasa anainama kwenye tope hadi magotini, anachomeka shina moja moja, peke yake, miaka minne. Watu walimtania wakachoka. Machi hii akaniita nikaangalie. Kati ya mashina mapya niliona vidoa viwiliviwili vyeusi vikienda pamoja majini. Yalikuwa macho, miili yenyewe karibu haionekani. Nilifurahi sana. Yeye akasema tu kwamba kesho twende Ikungi.

Tulimkuta mama Flora amezeeka kuliko nilivyotarajia. Mjomba akampa shikamoo, naye akaitikia vizuri, akatuletea uji. Aliposikia vifaranga wamerudi alifurahi waziwazi, akauliza ni upande gani wa ghuba, na kama maji ya hapo yametulia. Nikadhani safari imekwisha salama. Mjomba akaweka kikombe chini.

"Dada, niliwaona," alisema. "Asubuhi ile ya kwanza ya kufyeka. Walikuwa wamenasa kwenye matete tuliyoyatupa nchi kavu, wanarukaruka. Ningesimamisha kazi, sehemu kubwa ya matete ingebaki. Nikatupia matete mengine juu yao, watu wasije wakasema ulisema kweli."

Sikuwa nikijua. Miaka yote hiyo nilimhurumia kama mtu aliyekosea bila kujua.

"Nilikuwa nimesimama nyuma yako, Sostenes," alisema mama Flora. "Nilingoja ugeuke."

Mjomba akalia, na hakuna aliyemnyamazisha.